Papa, Ukurasa Wako Sasa Unafunguka

Papa,

Mama amesema nikuandikie kwa kalamu, si kwa mashine, maana wafu hawana umeme. Nilimwambia hata sisi tulio hai hatuna. Tangu asubuhi courant imekatika. Maporomoko ya Tshopo yanayotupa umeme yananguruma kule kama kawaida yake, na taa hakuna. Basi naandika kwa kalamu, nawe uvumilie mwandiko wangu, kwa sababu vidole vimezoea vibonye.

Tumekuzika, matanga yamekwisha, viti vya parokia vimerudishwa. Kimoja kilivunjika mguu. Tonton Kasereka amesema atakitengeneza, nawe unamjua mdogo wako, tutakiona kiti hicho nyuma ya nyumba mpaka kioze. Butembo hatukuweza kukupeleka. Tulijua ulitaka kulala karibu na baba yako, lakini barabara ile siku hizi haipitishi hata gunia la maharage, sembuse jeneza. Uko hapahapa Kisangani, kando ya mzee mmoja ambaye simjui na ambaye jina lake limefutika msalabani.

Mimi sijalia. Nakuambia mwenyewe usije ukasikia kwa watu. Ulipoanguka mlangoni ukiwa umevaa kiatu kimoja, niliokota kile kingine, nikakipangusa vumbi, nikakiweka vizuri kando ya ukuta, ndipo nikamwita Mama. Tangu siku ile niko hivyohivyo. Nakula lituma na pondu, nasema merci kwa wanaotoa pole, naoga, nalala. Shangazi zako wananong'ona kwamba Masika ana roho ngumu. Si ngumu, Papa. Imekufa ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Watu bado wanakuja kukuuliza. Hawataji jina lako, wanasema Papa Communiqué, kama wakati ule uliposoma redioni matangazo ya waliokufa na waliopotea, kabla hujastaafu na kujitia kujifunza kutengeneza tovuti ya matangazo hayohayo, kichwa kimeshaota mvi. Nawaambia umekufa. Wanakaa kidogo, wanasikitika, wanalia hata, kisha wanatoa picha mfukoni. Mtoto aliyepotea njiani, mke aliyebaki Goma siku mji ulipoanguka, kaka asiyepokea simu. Nachukua picha, naandika, naweka tovutini. Sikuona ni kwa nini niache.

Paluku wetu pia yuko humo, kama unavyojua, maana wewe ndiye uliyemwandika. Nakumbuka ulivyokaa wiki ile simu yake ilipozimika. Uliandika tangazo la mwanao kwa lugha ileile uliyoandikia ya watoto wa wengine: fundi wa magari, alikuwa Goma, mrefu, ana kovu juu ya jicho la kushoto. Ukanisomea kwa sauti yako ya redio. Halafu ukaniuliza kama kuna kosa la herufi. Nikasema hakuna. Ukaenda kumwagilia mboga.

Tangu ulipokufa nimetaka jambo moja tu, na nalisema wazi ili barua isije ikapotea njia. Nimetaka Paluku ajue kwamba hauko tena. Yeye ndiye mtoto wako wa kwanza wa kiume, na hakutia udongo kaburini. Nilimwona akilini, popote alipo, akipiga hadithi zako mbele ya watu, akikutania kwa redio yako na miwani yako iliyofungwa kwa uzi, hali ya kuwa sisi tumekwisha kunyoa nywele za msiba wako. Hilo lilinikera kuliko kifo chenyewe. Simu yake ilikuwa imekufa. Mahali pekee alipojua kwamba tutaandika ni kwenye tovuti yako.

Siku ya pili ya matanga tulikaa kuandika communiqué yako. Umesomea watu wengi kiasi gani katika maisha yako, na yako wewe ikatushinda. Tulipofika kwa watoto, kalamu ikasimama. Tonton Kasereka akasema: “Paluku tusimuweke fasi yoyote. Tukimuandika na bazima kumbe alikufa, batu batatucheka. Tukimuandika na bafu kumbe iko muzima, tutamulaani.” Hakusema vibaya. Alikuwa amechoka, macho mekundu, na maneno yake yalikuwa na akili. Lakini Mama alisema: “Muandike. Ni wa kwanza, muandike wa kwanza.” Nikaandika: ameacha mjane na watoto wawili, Paluku na Masika.

Nikaiweka tovutini, juu kabisa. Haikufunguka.

Bon, si kusema haikufunguka kabisa. Unaijua. Karatasi nyeupe, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka. Nilichemsha chai, nikainywa, nikarudi, kikawa bado kinazunguka, mwisho kikakata tamaa. Binamu wa Beni alipiga simu kusema hajaona kitu. Wa Butembo vilevile. Watu walipokuwa wanakulalamikia wewe kuhusu uzito huo ulikuwa unawajibu haraka haraka haina baraka, nao walicheka, wakangoja, kwa sababu mtu hamkasirikii Papa Communiqué. Lakini mimi nilikuwa namfikiria mtu aliyeazima simu ya mwenzake kambini, mwenye simu amesimama nyuma yake na mkono umenyooshwa. Mtu huyo hangoji chai ichemke.

Kwanza nililaumu mtandao, kama kila mtu wa mji huu. Nikapanda baiskeli ya toleka mpaka katikati ya Makiso, ambako mtandao unashika vizuri, nikajaribu. Kiduara kikazunguka vilevile, na mwenye baiskeli akaniuliza kama nina habari mbaya. Kisha nikalaumu picha. Nikazipunguza ukubwa zote, moja baada ya nyingine, nikaangalia kila uso. Kazi ile ilinifaa, maana haikuhitaji moyo. Nilipomaliza, ukurasa ulikuwa mzito karibu kama zamani.

Hapo Tonton akanipa shauri: “Masika, toa ile mambo yote ya jamaa iko chini ya kila mutu. Weka picha na jina, basi.” Nusura nifanye. Nilikwisha fungua faili na kidole kilikuwa tayari. Lakini nikasikia maneno yako, siyo kwa mizimu, ni kwa mazoea tu, maana uliyasema kila nilipoanza kukatakata programu bila kujua ugonjwa uko wapi: “Munganga anatoa kinini mbele ya kupima damu, ule hapana munganga, ni muchuuzi. Fanya kwanza goutte épaisse, ile damu ya kupima malaria.”

Basi nikafungua dirisha jeusi. Ndivyo ulivyoliita, dirisha jeusi, mahali ambapo hakuna picha wala kitufe, unaandika amri kwa mkono na mashine inakujibu kwa maandishi. Mara ya kwanza uliponionyesha niliogopa, nikidhani nikikosea herufi nitaua kompyuta. Ulicheka mpaka ukakohoa. Ukaniambia kwamba mashine ni kama mkwe, ukiongea naye taratibu na kwa adabu hana neno.

Niliweka nakala ya tovuti yote kwenye kompyuta ya hapa nyumbani, nikaiendesha ndani ya kile chombo cha kupimia ulichonifundisha. Kinakaa kimya kando ya programu wakati inafanya kazi, kinaandika kila kipande kimeitwa mara ngapi na kimekula muda gani, halafu mwishoni kinakupangia, mlaji mkubwa juu, wadogo chini. Nikaomba ukurasa mmoja tu, ule wa communiqué yako. Nikangoja. Feni ya kompyuta ilianza kupiga kelele. Mama akauliza kutoka jikoni kama kuna ndege.

Majibu yakaja. Vipande vyote vilikuwa na majina uliyovipa wewe kwa Kiswahili, na nilivisoma kama mtu anayesoma majina ya majirani. Fungua_mlango, haikula kitu. Tafuta_picha, kidogo. Andika_ukurasa, kidogo zaidi. Na juu yao wote, imekaa peke yake, imekula karibu muda wote: leta_jamaa. Ilikuwa imeitwa maelfu kwa maelfu ya mara, kwa ukurasa mmoja, kwa ajili ya mtu mmoja. Kikulacho ki nguoni mwako, Papa. Siyo mtandao, siyo picha. Ni wewe.

Nilifungua kipande hicho nikakisoma mstari kwa mstari. Kinamchukua mtu, kinakwenda kwenye ghala la majina kuuliza mke wake ni nani, kinarudi. Kinakwenda tena kuuliza mtoto wa kwanza, kinarudi. Mtoto wa pili, kinarudi. Ni kama mtoto anayetumwa sokoni kununua chumvi, akifika nyumbani anatumwa tena mafuta, akifika anatumwa tena kitunguu. Na hakiishii hapo. Kikishampata mke, kinauliza na watu wa mke. Kikimpata mkwe, kinauliza na watu wa mkwe. Na sisi katika mji huu tumeoana, Papa. Ukianza na mfanyabiashara mmoja wa Butembo unafika kwa mkewe, binti wa Mzee Ramazani wa Kabondo, na kwa Mzee Ramazani unazipata familia zote za Waislamu wa zamani, na kupitia wale unarudi kwa Wakatoliki wa Mangobo. Kwa kutaka jina la mjane wako, programu ilikuwa inazunguka Kisangani nzima ikigonga kila mlango.

Wewe uliijaribu kwa familia yetu peke yake, na sisi ni wachache. Wakati ule ilifunguka vizuri. Nani alijua kwamba vita vitatuletea watu wengi namna hii.

Sikukasirika. Nilijua ni kwa nini uliandika hivyo. Kwa sisi Wanande jina ni nafasi ya kuzaliwa, kila nyumba ina Paluku wake na Masika wake, na ukiita Kambale sokoni nusu ya wauzaji wanageuka. Uliwahi kunisimulia habari za mama mmoja wa wakati wa vita vile vingine, vya majeshi mawili ya wageni hapa mjini, aliyekusikia ukisoma redioni kwamba Kambale amekutwa hai hospitalini. Alikimbia na nguo za mwanawe mkononi. Alikuwa Kambale wa mtu mwingine. Tangu siku hiyo hukukubali kusoma jina lililo peke yake. Ulirudisha karatasi za watu. Ulisema: “Jina moya hapana mutu. Niletee na batu bake.” Wakubwa wa redio walilalamika kwamba matangazo yako ni marefu, na hukujali.

Kwa hiyo shauri la Tonton sikulifuata. Nilifanya mambo mawili. La kwanza lilikuwa rahisi: nilimpa yule mtoto anayetumwa sokoni kapu na maneno yote kwa mara moja, aende safari moja arudi na vyote. La pili lilinichukua siku. Ilinibidi niweke mpaka. Mtu atatangazwa na wale waliotajwa na familia yake yenyewe, basi. Wakwe wa wakwe, nimewakata. Nilikaa mbele ya mstari ule, nikaufuta, nikaurudisha, nikaufuta. Nilikuwa nakata mkono wako, niliona hivyo, na hata hapo sikusikia kitu ila njaa.

Nikapima tena. Leta_jamaa ilikuwa imeshuka mpaka chini kabisa, imekaa kati ya wadogo kama mtoto mwenye adabu. Nikajaribu kwa simu yangu. Kabla sijaondoa kidole, uso wako ulikuwa pale, ile picha yenye kola iliyopinda ambayo Mama haipendi, na chini yake Mama, na Paluku, na mimi. Nilisema peke yangu, c'est bon. Nikaenda kupika fufu. Watu wa Beni walipiga simu kusema wameona, pole sana Masika. Nikasema merci.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu haya ndiyo yaliyonifanya nichukue kalamu.

Jana mchana ulifika ujumbe kwa ile anwani ya chini ya ukurasa, ambako watu huandika kama wana habari. Nitakuandikia wote, kama ulivyo, bila kusahihisha.

“Masika, ni miye Paluku. Niko Uganda, niko muzima, simu ni ya mutu. Tulikimbia na manguo ya mwili tu. Kila mara ninajaribu site, inazunguka, inazunguka, mégas inaisha. Leo ikafunguka mara moja. Nikacheka, nikasema, ah, Papa amefaulu kuitengeneza mwishowe. Kiisha nikasoma.”

Niliusoma nikiwa nimesimama. Niliusoma tena. Nilimwona akicheka, Papa, nilimwona wazi, na lile kovu lake linavyopanda jicho linapocheka. Kazi yangu yote ile, kupima kote kule, kukata kote kule, ilikuwa kwamba kicheko kile kiwe kifupi. Nilikuwa nimehangaika ili habari mbaya imfikie mbio, nayo ikamfikia mbio, akiwa bado anakusifu.

Hapo nikalia. Nililia vibaya, bila aibu, nikiwa nimeshika meza, na Mama akaja mbio akidhani Paluku amekufa. Nikampa simu. Alisoma polepole, midomo ikitembea. Akafika mwisho, akarudi mwanzo, kwenye lile neno muzima, akaliwekea kidole kana kwamba litaruka. Kisha alitoka nje akaanza kupiga vigelegele na kulia kwa wakati mmoja, majirani wakatoka hawajui wacheke au wafunge khanga kiunoni kwa msiba. Tonton Kasereka alifika akihema. Alisoma, akanitazama, akasema: “Donc tulimuandika vizuri.” Akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya kazini.

Tangazo la Paluku nimeshaliondoa kati ya waliopotea. Nimelisoma kwa sauti kabla ya kuliondoa. Halikuwa na kosa la herufi.

Papa, tulale sasa kila mtu upande wake. Mboga zako nazimwagilia. Barabara ya Butembo ikifunguka, mimi na Paluku tutakuja kukuchukua hapo ulipo, tukupeleke kwa baba yako, na Tonton atabeba mbele apende asipende. Na tovuti sitaiacha. Watu wataendelea kuja na picha zao, nami nitawaambia kama ulivyowaambia, niletee na watu wake. Nitapima kila mara kabla ya kukata. Hayo nakuahidi.

Lakini leo asubuhi ulifika ujumbe mwingine, mfupi, kwa simu ileile ya mtu. Paluku anauliza kitu kimoja: “Papa alikufa akijua niko muzima?”

Wewe hukuniambia kamwe ulichofikiri. Ulimwandika, ukasahihisha herufi, ukaenda bustanini. Mwenye simu alikuwa anangoja huko Uganda na sikutaka Paluku angoje kiduara kingine. Nikamjibu neno moja: “Alijua.”

Basi jua, Papa. Mwanao ni mzima. Nakuandikia upesi, kabla giza halijaingia, ili nisiwe nimemdanganya ndugu yangu.

Binti yako,
Masika